Gia 1 au gia 2? Namna ya kupanga spidi ya drili ya betri bila kuunguza mota

Wiki iliyopita kijana mmoja kaja pale kibandani kwangu Makorora, hapa Tanga mjini, na drili yake ya betri, mpya kabisa, nailoni ya kwenye betri bado ipo. "Shikamoo fundi." Marahaba. "Fundi, hii mashine nimepigwa, haina nguvu." Nikamuuliza imefanyaje, akasema anaunga kitanda cha mninga kwa skrubu za inchi 3, matundu ya kuanzia katoboa vizuri tu, ila skrubu ikifika katikati mashine inagoma, inalia afu inazima. Nikaangalia pale juu kwenye kile kiswichi cha kusukuma mbele na nyuma, nikakuta imekaa kwenye 2. Nikarudisha 1 nikampa, haya endelea, skrubu ikazama mpaka kichwa kikalala sawa na mbao, mashine wala haijahangaika.

Yeye alikuwa anajua 2 ni kubwa kuliko 1 kwahiyo 2 ndio yenye nguvu, na wala simlaumu, maana feni ukiweka 3 inapuliza kuliko 1, jiko la umeme ukiweka namba kubwa ndio linachemsha zaidi, sasa atajuaje kwamba drili iko kinyume? Hakuna aliyemwambia. Na mi naona mashine nyingi sana zinaletwa zimeunguzwa mota kwa sababu ya hicho kiswichi tu, pesa ya mtu imepotea, kazi imesimama. Ndo maana nimekaa niandike hiki kitu chote kwa urefu, mtu akisoma aelewe mwenyewe sababu, asikariri tu.

Anza na hili: zile namba 1 na 2 ni gia, kama gia za pikipiki. Aliyewahi kupanda bodaboda kutoka Mombo kwenda Soni na mzigo nyuma anajua, ukianza kile kilima dereva anashusha gia, pikipiki inakwenda polepole lakini inavuta, akilazimisha gia kubwa injini inakaba inazima. Akifika kwenye tambarare, mfano njia ya Segera kuja Tanga, anapandisha gia, pale hahitaji kuvuta sana, anahitaji mwendo. Drili ni hivohivo. Mota ni ileile moja na nguvu yake ya jumla ni ileile, kinachobadilika ni vile vigia vya ndani vinavyoamua hiyo nguvu itoke kama mwendo au itoke kama msukumo wa kuzungusha. Drili nyingi za volti 18, gia 1 inaishia raundi 400 mpaka 500 kwa dakika, gia 2 inafika 1500 mpaka 2000. Angalia kibati cha ubavuni kwenye mashine yako, utakuta imeandikwa namba mbili zimetenganishwa na mkwaju, mfano 0-450/0-1700, hizo ndizo raundi za gia 1 na gia 2. Kwa mfano huo gia 1 ni polepole karibu mara nne, na msukumo wake nao ni mkubwa karibu mara nne. Ndo hapo siri yote ilipo.

Sasa kuna vitu vitatu kwenye drili watu wanavichanganya na kila kimoja kina kazi yake. Kile kiswichi cha juu ni gia. Triga, pale unapobonyeza kwa kidole, inapunguza na kuongeza mwendo ndani ya gia uliyochagua, ukibonyeza kidogo inazunguka kidogo, ukibonyeza mpaka mwisho inatoa raundi zote. Na ule mduara wa namba nyingi nyuma ya mdomo, pale panaposhika biti, yaani kile chuma cha kutobolea, 1 mpaka 15 au 20 au zaidi, ule SIO wa spidi kabisa, ile ni klachi, inaamua mashine iachie ikifika msukumo kiasi gani, ndio ile inayolia trrrr skrubu ikishakaza. Mwisho wa mduara kuna picha ya biti, hapo klachi imefungwa haiachii, ni kwa ajili ya kutoboa, na kama mashine yako ina hama, yaani inagonga huku inazunguka, utaona na picha ya nyundo. Nimeshaona mtu anazungusha ule mduara anatafuta spidi, anaweka 3, anatoboa, mashine inalia trrrr biti haiendi, anasema mbovu. Sio mbovu, umeiambia iachie mapema.

Hapa kuna jambo nataka nilikalie kidogo kwa sababu hata mafundi wazoefu wanabisha. Mtu anakwambia, mi naacha gia 2 muda wote, nikitaka polepole nabonyeza triga nusu, si ni kitu kilekile? Sio kitu kilekile hata kidogo. Ukibonyeza triga nusu unapunguza umeme unaokwenda kwenye mota, mota yenyewe inazunguka taratibu, vigia vya ndani vimebaki vilevile vya mwendo, kwahiyo hujaongeza msukumo wowote, umepunguza mwendo tu. Na baya zaidi, feni ya kupooza mota iko kwenye mhimili uleule wa mota, mota ikizunguka taratibu na feni inazunguka taratibu, mzigo mkubwa upepo mdogo, joto linabaki ndani. Mota ikikwama kabisa na wewe bado umebonyeza, umeme wote unaoingia unageuka joto, hapo ndo unasikia harufu ile ya vanishi ya waya za mota ikiungua. Ukiweka gia 1 na kubonyeza mpaka mwisho, mota inakimbia vizuri, feni inapuliza, ila mdomo unazunguka polepole kwa nguvu. Kwahiyo kama kazi ni nzito, polepole itoke kwenye gia, isitoke kwenye kidole. Kidole kitumie mwanzoni unapoweka biti isiteleze, na mwishoni unapokaribia kumaliza.

Haya, skrubu. Skrubu karibu zote ni gia 1. Skrubu ya bawaba, skrubu ya kitasa, skrubu ya kuungia kitanda, kabati, zote gia 1. Ukifunga kwa gia 2 vitu viwili vinatokea, ama bisibisi inaruka kwenye kichwa cha skrubu na ile nyota inalika, ama skrubu inazama kupita kiasi kabla hujawahi kuachia. Mashine ikiwa na raundi 1700 kwa dakika, nusu sekunde tu imeshazunguka mara 14, mkono wa binadamu hauwahi hapo. Kwenye gia 1 nusu sekunde ni kama mizunguko minne, unawahi.

Afu klachi. Usikisie namba kutoka kichwani, anza chini, weka 4 au 5, funga, ikilia trrrr kabla kichwa hakijalala ongeza mbili, funga tena, mpaka upate namba inayoachia pale kichwa kinapolala sawa na mbao. Ukishaipata, skrubu zote za aina hiyo kwenye mbao hiyo zinafungwa kwa namba hiyohiyo na zote zitatoka sawa, kazi inapendeza. Kwenye emdi-efu (MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa) na plaiwudi hii ni muhimu mara mbili maana zile ukizidisha tu meno yanaliwa ndani na skrubu haishiki tena.

Mbao zetu za huku nazo hazifanani, mbao ndio inayokuamulia. Paini ya Shume kule Lushoto ni laini, skrubu inaingia yenyewe hata bila tundu, ila pembeni mwa ubao inapasua. Mtiki wa Longuza, Muheza, ni mgumu wa wastani lakini unamaliza makali ya biti haraka, una kitu kama mchanga ndani yake. Mninga, mvule, mkongo, hizi lazima utoboe tundu la kuanzia, biti iwe nyembamba kama shina la skrubu ukitoa meno, skrubu ya mm 4 mi natoboa mm 2.5 mpaka 3. Na mnazi, jamani mnazi, ile sehemu ya nje ya gogo ni ngumu kama nini na ndani ni laini, ukiingia kwa nguvu moja unakuta nje umesukuma kwa shida afu ghafla imezama, kwahiyo mnazi gia 1 na kidole chepesi.

Skrubu za shaba, zile za njano watu wanapenda kwenye milango ya mbele, usithubutu kuzifunga kwa mashine moja kwa moja kwenye mninga. Shaba ni laini, inakatika shingoni, na kutoa kile kipande kilichobaki ndani ni kazi ya nusu siku. Funga kwanza skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo kwa gia 1, itoe, tundu limeshapata njia ya meno, afu ndo uweke ya shaba umalizie kwa bisibisi ya mkono. Mimi naipaka na nta ya mshumaa kidogo. Nilishakatikiwa na skrubu tatu kwenye mlango mmoja wa mteja, siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda mazishini, na mpaka leo nikipita ule mlango nakumbuka.

Kutoboa mbao sasa. Hapa ndo gia 2 inapata kazi yake, lakini sio kwa kila biti, na sababu ni hii: raundi ni zilezile lakini ukingo wa biti nene unasafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko. Biti ya mm 3 kwa raundi 1700, ukingo wake unatembea kama mita 16 kwa dakika. Chukua lile kopo lenye meno ya msumeno la mm 54, la kutobolea kitasa cha mviringo, raundi hizohizo 1700, meno yanatembea karibu mita 290 kwa dakika. Ndo maana ile ya mm 3 inatoboa safi na lile kopo linatoa moshi, mbao inaungua nyeusi pembeni, na meno yanakufa. Kadri biti inavyokuwa pana ndivyo raundi zinavyoshuka, hii ni sheria kwenye mbao, chuma, ukuta, kila mahali.

Kwahiyo kwenye mbao mi naenda hivi. Biti za kawaida za kusokota mpaka mm 8 au 10, gia 2, triga mpaka mwisho, unachomoa chomoa kutoa unga. Zile biti bapa zenye ncha katikati kama kijembe, za mm 16 mpaka 25, zinataka mwendo, kwenye mbao laini gia 2, ila kwenye mninga mashine ndogo itakwama, shusha 1 ukubali kusubiri. Biti za bawaba za makabati, ile ya mm 35 inayochimba shimo la kitako bapa, kama mbao ni ngumu gia 1, kwenye emdi-efu gia 2 kwa kidole cha nusu inakubali maana mzigo mdogo. Biti ndefu ya kusokota yenye skrubu kwenye ncha, ile ya kutobolea boriti, gia 1 bila mjadala, ile skrubu ya ncha inajivuta yenyewe ndani, ukiweka gia 2 itajivuta kuliko mota inavyoweza kukata na mashine itakwama au itakuzungusha wewe.

Na kopo la msumeno ni gia 1 siku zote, shika mpini wa pembeni kama mashine inao, simama imara. Kijana wangu mmoja alitoboa mlango wa mkongo kwa kopo la mm 54 akiwa kwenye gia 2 na mkono mmoja, kopo likauma mbao likasimama, mashine ikaendelea kuzunguka na mkono wake, kifundo kikavimba wiki mbili hakushika nyundo. Toboa upande mmoja mpaka ncha ya katikati itokeze ng'ambo, geuza, malizia upande wa pili, na kila sentimita moja chomoa usafishe unga, unga ukijaa ndio moto unaanza.

Ujue kusikiliza na kunusa. Mbao ikikatwa vizuri inatoa maganda, sio vumbi jembamba. Ukiona unga kama sembe na harufu ya kuungua, ama mwendo umezidi ama biti butu. Wazee waliochonga milango huku pwani na kuunda majahazi walikuwa na kekee, ile inayozungushwa kwa uta, na spidi yote ilikuwa kwenye bega lao, mti ukiwa mgumu uta unapunguza mwendo na mkono wa juu unakandamiza zaidi. Hawakuwa na namba ya kuwaambia, walikuwa wanausikia mti. Mimi nilimuona babu yangu akiitumia nikiwa mdogo na ndio picha ninayoishika mpaka leo nikishika mashine.

Tuje kwenye chuma, maana hapa ndo biti zinakufa kwa wingi. Watu wanaona chuma ni kigumu kwahiyo wanaweka gia 2 wanabonyeza mpaka mwisho wanategemea mwendo ukate. Mwendo haukati chuma, kinachokata ni makali yanayosukumwa, mwendo ukizidi makali yanasugua tu, yanachemka, yanalainika, biti imekwisha. Kuna hesabu ndogo naomba uikariri: chukua 8000 ugawe kwa milimita za biti, jibu ndio raundi zako kwa chuma cha kawaida, kile cha skwea paipu, engo, flati ba za mageti na madirisha. Biti ya mm 4, 8000 gawa kwa 4 ni raundi 2000, hiyo gia 2 mpaka mwisho. Mm 6 ni raundi 1300 na kidogo, gia 2 ila kidole usimalizie. Mm 8 ni 1000, mm 10 ni 800, hapo tayari uko katikati ya gia mbili, na mi kwenye mm 10 naenda gia 1 kwa sababu mashine ya mkononi haina nguvu ya kusukuma mm 10 kwenye gia 2, bora iende polepole kuliko ikwame. Mm 13 gia 1 bila swali. Aluminiamu ni laini, unaweza kwenda mara mbili ya hiyo hesabu, ila inaganda kwenye biti, weka mafuta ya taa kidogo au hata mafuta ya kula.

Stenlesi ni nyingine kabisa, reli za ngazi, masinki ya jikoni. Hapo chukua nusu ya hesabu au pungufu, biti ya mm 6 isizidi raundi 600, yaani gia 1. Na usiibembeleze, kandamiza kweli. Stenlesi ukiisugua bila kukata inakuwa ngumu zaidi palepale ulipoisugua, ukishaifanya hivyo mara moja tundu lile haliendi tena, biti inateleza juu kama kwenye kioo. Mafuta, polepole, mkono mzito, biti kali. Ukiona nyuzi za chuma zinatoka zimejikunja kama kamba ujue uko sawa, ukiona vumbi jeusi simama.

Kabla ya kutoboa chuma piga alama kwa senta panchi, huna tumia msumari wa zege na nyundo, biti ikae kwenye kishimo isitembee. Tundu kubwa anza na dogo, mm 3 au 4 kwanza afu ndo mm 10. Na pale biti inapokaribia kutokeza ng'ambo punguza kukandamiza, maana hapo ndo inauma chuma ghafla. Kipande chembamba kifungwe kwenye jiliwa au kwa klampu, tafadhali sana usikishike kwa mkono, bati au flati ba ikiumwa na biti inazunguka kama panga. Hili nalisema kwa uchungu maana nimeona vidole. Glavu za kitambaa nazo vua unapotoboa, biti inazikamata, miwani vaa.

Ukuta. Tofali za bloku za mchanga na saruji, biti ya ukuta ya mm 6 au 8 kwa ajili ya fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani, hapa ni gia 2 pamoja na hama, na hii ndo sehemu pekee kazi ngumu inataka gia 2, sababu ile hama ndani ya drili ya betri inagonga kwa kufuata mzunguko, kuna visahani viwili vyenye meno vinaparuzana, raundi zikiwa nyingi na vipigo vinakuwa vingi, ukiweka gia 1 inagonga kivivu haivunji kitu. Chomoa kila mara kutoa vumbi. Ukifika kwenye linta au nguzo ya zege lenye nondo, hii mashine sio yake, utakaa dakika kumi na biti itakuwa nyekundu, tafuta ile mashine kubwa ya hama inayoingiza biti zenye mitaro kwenye shina, inapiga kwa pistoni. Na ukihisi biti imegota kitu kigumu kinachong'aa, ni nondo hiyo, hamisha tundu.

Ila kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za nyumba za kale Pangani na baadhi hapa mjini, hama zima kabisa. Chokaa ya zamani ni laini, hama inaimomonyoa, unataka tundu la mm 8 unapata shimo la kuingiza dole gumba na plasta imedondoka kiganja kizima. Biti ya ukuta, hama imezimwa, gia 1, kandamiza kidogo, inaingia yenyewe kama kwenye muhogo, afu fisha chukua ndefu.

Taili nazo hama imezimwa mpaka umeshapita taili yenyewe. Bandika masaki tepu pale unapotoboa isiteleze, tumia biti yenye ncha ya mkuki, gia 1, anza na kidole kidogo sana, maji yadondoke kidogo kidogo, msaidizi anaweza kumwagia kwa chupa yenye tundu kwenye kifuniko. Ukishatokeza kwenye saruji badilisha biti ya ukuta, ndo uwashe hama kama inahitajika. Zile taili ngumu za posleni mkuki hauziwezi, zinataka biti ya almasi na maji mengi, na biti ikiwa pana punguza mwendo kama kawaida.

Bati kwenye palini za chuma, vile vyuma vya kenchi vinavyobeba bati, zile skrubu zenye ncha ya kujitobolea na raba chini ya kichwa, hizi ni tofauti na skrubu zote nilizosema, zinaanza kwa gia 2 kwa sababu ile ncha ni biti, lazima ikate chuma kwanza. Ila raba ikigusa bati tu achia kidole, raba ikae imebonyea kidogo, isichuruzike nje pembeni. Ukizidisha raba inapasuka, na kwa hewa ya chumvi hii ya kwetu kutu inaingia hapohapo kwenye tundu, masika inayofuata unaitwa urudi. Klachi hapa inakusaidia, ipange.

Vitu vidogo vilivyobaki. Gia badilisha mashine ikiwa imesimama kabisa, usisukume kiswichi huku inazunguka, meno ya ndani yanapigana yanakatika. Kiswichi kikikataa kuingia, gusa triga kidogo tu mdomo uzunguke robo, achia, jaribu tena, usikilazimishe wala usikiache katikati. Betri ikiwa imepungua gia 1 inasaidia kumalizia kazi, gia 2 itakwama mapema. Betri isikae juu ya bati juani saa saba mchana, na ikiwa ya moto iache kivulini ipoe ndo uchaji. Kuhusu volti, 18 na ile inayoandikwa 20 ni betri moja, seli tano za volti 3.6 zinakupa 18, zikiwa zimejaa chaji ndo zinasoma 20 na kitu, kwahiyo usilipe zaidi kwa ajili ya hiyo 2 ya juu. Na ukiona imeandikwa namba kubwa kama 48 au 88 halafu ndani kuna seli tano tu, ni 18 hiyohiyo. Uliza kibati kimeandika raundi ngapi na msukumo wa nyutoni-mita (Nm) ngapi, hizo ndo namba za kununulia.

Na kama drili yako imetumika mpaka namba za juu zimefutika hujui ipi 1 ipi 2, na usiige ya jirani maana nyingine 1 iko mbele nyingine iko nyuma, toa biti, weka klachi kwenye picha ya kutoboa, sukuma kiswichi upande mmoja ubonyeze mpaka mwisho, isimamishe, sukuma upande wa pili ubonyeze tena. Ile ambayo unaweza kuufuata mdomo kwa macho ukizunguka na sauti yake ni nzito ndio 1. Chukua markapen uandike 1 kubwa hapohapo, afu ubandike selotepu juu yake isifutwe na jasho.